Mkunga Aliyepima Mikono

Hakuwa mtu wa kukaa. Ukimvutia kiti alikishika mgongo, akakitikisa kidogo kuona kama kina mguu mbovu, kisha akaendelea kusimama na kuzungumza. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka yetu hapo Langoni, na katika miaka yote ya ujirani wetu sidhani kama nilimwona amekaa mara kumi. Alikula amesimama. Alitafuna tambuu akitembea. Wanawake walimtania kwamba hata swala anaiswali kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Wakunga walikuwa wengi mjini, kila mtaa na wake, lakini ukisema "Mkunga" bila kuongeza neno, watu walijua ni yeye. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikumuuliza, kwa sababu mbele yake hukupata nafasi ya kuuliza. Kuuliza ilikuwa kazi yake. Nitasema niliyoyaona, na nikirukaruka mnisamehe, maana kila nikimkumbuka hushindwa kutulia. Mwanangu wa kwanza alikufa ndani ya hesabu ya mkunga huyu. Kwa miaka mitano baada ya hapo, mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alinitazama kwa swali moja ambalo alilitamka mara moja tu: mama gani haoni mwanawe anakonda? Niliamini kwamba nilimwona anakonda na nikanyamaza, na aibu ya jambo hilo niliamka nayo kila siku.

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tunasalimiana kwa urefu. Tunaulizana hali ya mtu, hali ya nyumba, hali ya waliosafiri, na kila jibu ni alhamdulillahi hata kama paa limevuja. Mkunga alikata yote hayo. Akikutana na mwenye mimba au mwenye kunyonyesha, salamu yake ilikuwa moja: "Yana ulikula nini?" Yana, kwa lugha yetu, ni jana.

Siku moja aliingia kwenye arusi, katikati ya wanawake waliojipamba, akamwendea dada wa bibi arusi aliyekuwa na mimba kubwa.

"Yana ulikula nini?"

"Wali, Bi."

"Wali na nini?"

"Na mtuzi."

"Mtuzi wa nini? Samaki au mai matupu yenye rangi?"

Yule dada akaona haya, kwa kuwa mavyaa wake mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akisikia. Ilikuwa maji matupu yenye rangi. Mkunga akageuka akamtazama yule mavyaa, akatoka bila hata kuonja pilau. Arusi ile watu waliizungumza wiki nzima, na si kwa sababu ya bibi arusi. Lakini nasikia kuanzia siku ile yule mwenye mimba alikula samaki.

Watu walimsema sana, wakamaliza kwa kuambiana taratibu kwamba usimtukane mkunga na uzazi ungalipo. Basi walimtukana akiwa hayupo, wakamwita akihitajika.

Kilichomtofautisha na wakunga wengine ni ukili. Ukili ni ule msuko mwembamba wa majani ya mwaa ambao wanawake wa kijiji cha Kipungani wanausuka mrefu, kisha wanaushona ukawa mkeka. Yeye alitaka mwembamba zaidi, upana wa kidole cha mwisho. Siku ya saba ya mtoto, alimzungushia ukili kwenye mkono, katikati ya bega na kiwiko, akaukata pale ncha mbili zilipokutana. Kisha aliufunga uzi wa rangi ya nyumba ile, akauchukua kwake, akautundika darini kwenye boriti. Siku ya arobaini alirudi na ukili uleule. Ncha zisipokutana tena, mkono umenenepa, na yeye alipenyeza ncha ya kidole kwenye pengo akaguna. Kuguna kwake ndiko kulikuwa kusifu.

Nyumbani kwake boriti zilijaa kili zilizoning'inia kama pweza walioanikwa. Ukiingia ulilazimika kuinamisha kichwa. Hakujua kuandika, wala hakuona haja. Uzi ulimwambia nyumba, na mafundo kwenye uzi yalimwambia mtoto alilishwa nini siku tatu za kwanza. Ukishika ukili wowote alikusomea: mwana wa fulani, alizaliwa mvua za mwaka, mama yake hakula samaki mpaka siku ya ishirini.

Nilimuuliza siku moja kwa nini apime mkono, asipime tumbo au uso.

"Tumbo lina uwongo, hujaa upepo," akasema. "Uso una uwongo, mwana akilia huvimba. Mkono hauna la kuficha."

Neno hilo nililipenda wakati ule. Baadaye nililichukia.

Sasa niseme habari ya maziwa ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyomkosesha raha, na wengine wote pamoja naye. Mwanamke akizaa, kabla maziwa meupe hayajashuka, hutoka kidogo kidogo yale mazito ya manjano tunayoyaita dang'a. Kwetu mjini dang'a ilikuwa uchafu. Ilikamuliwa kwenye kikombe chenye majivu ikamwagwa, na mtoto akalambishwa maji ya sukari siku tatu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na Mkunga mwenyewe aliimwaga kwa miaka mingi. Alikuwa akisema kwamba dang'a aliyoimwaga kwa mikono yake ingeweza kujaza pipa.

Kisha aliitwa Mbwajumali, kule kisiwani Pate, kumzalisha mke wa mvuvi. Akakuta wanawake wa kule hawamwagi kitu. Mtoto anawekwa kifuani kabla jasho la mama halijakauka, kwa sababu sukari haipo na wa kuikoroga hayupo, kila mtu yuko shambani. Mtu mwingine angeona umaskini akanyamaza. Yeye alirudi mara ya pili na ya tatu, akapima mikono ya watoto wa Mbwajumali, akaileta hesabu yao Langoni akaitundika boriti ya peke yake. Mapengo ya Mbwajumali yalikuwa mapana kuliko ya mjini.

Alipokuja kuyasema haya nyumbani kwetu, mavyaa alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Watufananisha na watu wa shamba, Bi?"

"Siwafananishi," akasema Mkunga. "Wao wamewashinda."

Mavyaa aliacha kuchagua mchele. Mnapaswa kuelewa lilikuwa tusi la namna gani. Amri ya kufuta utumwa ilikuwa imekuja si zamani, na nyumba nyingi zilizozoea kunyonyeshewa watoto na wajakazi zilikuwa zinajifunza upya kazi ya vifua vyao. Kumwambia bibi wa nyumba ya mawe kwamba mke wa mvuvi anamshinda kunyonyesha kulikuwa kumgusa pale palipouma.

Mkunga hakujali palipouma. Alibishana madakani, kwenye vibaraza vya milango, alibishana visimani. Hoja yake kubwa aliitoa kwenye dini: kunyonyesha kumewekwa miaka miwili kamili, je, nani aliyewapunguzia wana siku tatu? Wazee wakalipeleka swali kwa mwalimu wa msikitini. Mwalimu alikaa nalo wiki mbili, akajibu kwamba hakuona mahali dang'a ilipokatazwa, na vilevile hakuona mahali palipoamriwa watoto wapimwe kama mikeka. Mkunga alipoletewa jibu alisema, "Nusu yanitosha," akaondoka mbio kwenda kuwaambia wanawake ile nusu yake.

Na tende ya baraka, ile anayosuguliwa mtoto kwenye ufizi akizaliwa, hakuipinga kamwe. Alisema ni kidogo na ina dua ndani yake, haina neno.

Mtu huyu aliyewafundisha wanawake wote kula, mwenyewe hakujua kupika. Wali wake uliungua chini na juu ukabaki mbichi. Alikula kwa majirani, amesimama mlangoni na sahani mkononi, huku akituambia mchuzi wetu umepungua nini. Aliwaamuru wazazi, wale waliojifungua karibuni, walale mchana, na yeye mchana alikuwa juani. Alikuwa na mkono mwepesi kwa mtoto mchanga, lakini mtoto akishajua kusema alimkimbia. "Akianza kunena si wangu tena," alikuwa akisema, na kweli watoto wa mtaa walimwogopa. Alichukia kusifiwa. Mwanamke akimshukuru, alimkatiza kwa kumuuliza choo cha mtoto kina rangi gani.

Kitu kimoja alikipenda kuliko vyote, nacho ni mtu kusema hajui. Daktari mmoja wa Kizungu aliwahi kushuka Amu kwa siku chache, na Mkunga akaenda kumngojea kutwa nzima na furushi lake la kili. Mkalimani alimcheka. Daktari hakucheka; alizishika moja moja, akauliza zile nyuzi zina maana gani, kisha akamsikiliza swali lake: dang'a ni chakula au ni uchafu? Daktari akafikiri, akamwambia kwamba yeye ni mtu wa majeraha na homa, uzazi ameuona mara chache, na hilo halijui. Tulidhani Mkunga atarudi amevunjika moyo. Alirudi anatembea kwa kasi kuliko alivyokwenda.

"Mzungu yule ni mtu mkweli," akasema. "Nti nzima kila mtu ayua. Yeye kasema hayui."

Mimi nilimpenda kwa hayo. Nisiseme uongo, nilimpenda sana. Nilikuwa nimeolewa karibuni, sijui kitu, na mwanamke huyu aliyemjibu mavyaa wangu bila kuinamisha macho alikuwa kwangu kama dirisha kwenye chumba chenye moshi.

Mwaka niliozaa mimi, alibadilisha kitu kimoja katika kazi yake. Zamani alinunua ukili mkavu kutoka kwa msusi mmoja wa Kipungani, mama aliyekuja mjini kuuza mikeka. Lakini ukili mkavu una makali. Mtoto mmoja wa siku saba ulimchubua mkono, pakavimba, na Mkunga akaumia moyo kwa jambo lile kuliko mama wa mtoto. Akaacha kununua. Akawa anakata mwaa mbichi asubuhi, anasuka mwenyewe njiani akitembea, na ukili ule ulikuwa laini kama kitambaa. Ilikuwa huruma tupu. Hakuna aliyemlaumu, na mimi nilipouona ukimzunguka mwanangu siku ya saba bila hata kumwamsha, nilimwombea dua.

Mwaka uleule, baada ya ubishi wa miaka, nyumba nyingi za Langoni zilikuwa zimekubali kutomwaga dang'a. Na mwaka uleule mapengo yote yakawa mapana. Kila siku ya arobaini ncha zilikuwa mbali. Alipita njiani akicheka peke yake. Alisema sasa imethibitika, dang'a ndiyo, na hata mavyaa alianza kumkaribisha kahawa.

Siku ya kumi baada ya kuzaa mimi nilipatwa na homa. Ilinishika wiki kadhaa, ikiniacha na kunirudia, na maziwa yakapungua. Ninayoyakumbuka ya siku zile ni vipande: dari, uso wa mavyaa, ladha ya pilipili manga kwenye uji. Nakumbuka shingo ya mwanangu ilivyokuwa nyembamba. Nakumbuka Mkunga ameinama juu yake na ukili, pengo lipo, na sauti yake: "Amemea huyu." Alikuja tena baada ya wiki mbili, na tena baada ya hapo, na kila mara pengo lilikuwepo. Hakuna aliyemtafutia mwanangu mnyonyeshaji, hakuna aliyemtafutia maziwa ya mbuzi, kwa sababu ukili ulisema amemea.

Alikufa akiwa na miezi mitatu. Mkunga ndiye aliyemwosha. Alikawia nyuma ya pazia hata mume wangu akatuma mtu kuuliza kuna nini, maana wanaume walikuwa wakingoja nje. Alipotoka hakunitazama. Ndipo mavyaa alipouliza lile swali lake, mbele ya wanawake wa matanga.

Kiasi cha mwezi baadaye, Mkunga alianza kupita nyumba kwa nyumba. Hili nililisikia kutoka kwa majirani. Alisimama dakani na kapu la kili, akasema maneno yaleyale kila mahali: "Nimekosa. Ukili umenywea, si wana waliomea. Niliyowambia ya mwaka huu yafuteni. Dang'a huenda ina kheri na huenda haina, mimi siyui, naanza kuhesabu upya."

Alikuwa amezipeleka zile kili kwa yule msusi wa Kipungani, akamuuliza. Msusi hakuhitaji hata kuzishika.

"Ukili hausukwi mbiti, Bi," alimwambia. "Mwaa huanikwa kwanda, ndipo ukasukwa. Ukisuka mbiti, ukikauka hunywea. Kijana mdogo kwetu ayua hilo."

Hilo ndilo kosa lake: alisuka mwaa mbichi. Aliujua uzazi, aliujua mkono wa mtoto, lakini jambo ambalo kila binti wa Kipungani analijua hakulijua, kwa kuwa yeye hakuwahi kusuka mkeka. Na ukili ukinywea, hata mkono uliokonda unaonekana umenenepa.

Nataka haki itendeke hata kwake. Alijua watu wangefanya nini na maneno yale, na wakafanya. Nyumba baada ya nyumba walirudi kumwaga dang'a. Walisema kama alikosa hapa alikosa pote. Kazi ya miaka ilivunjika kwa mdomo wake mwenyewe, na bado aliendelea, akamaliza Langoni, akaenda Mkomani, akapanda chombo mpaka Mbwajumali kuwaambia watu ambao hata hawakuwa wamedhurika. Wangapi wangefanya vile? Mimi nisingefanya.

Lakini kwangu hakuja. Nilikuwa nyuma ya mlango siku aliyopita mtaa wetu. Nilisikia hatua zake, nazijua, akasimama nyumba ya kushoto, akasema, nikasikia kila neno kupitia ukutani. Kisha hatua zikapita mlango wetu, zikasimama nyumba ya kulia. Nilikaa pale na mkono kwenye komeo mpaka mkono ukafa ganzi.

Baada ya hapo wito ukapungua, akahamia Kipungani, kwa yule msusi. Nilisikia anapima upya, kwa ukili mkavu uliosuguliwa kwa kombe la baharini mpaka ukalainika, kama msusi alivyomfundisha. Mimi nilibaki na mavyaa. Hakunitesa, na hilo liandikwe. Alinipa chakula, aliniuguza. Lakini kila mtoto wa jirani alipopita akiwa mnene, alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Miaka mitano nilikuwa nikihama chumba hadi chumba ndani ya nyumba ile kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Nilijiuliza kwa nini sikufungua mdomo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi mzazi nilikuwa nimekubali kuambiwa na jani.

Nikazaa binti, wakati vita vya Wazungu vimeshaanza na sukari imeadimika mjini. Nilimpa dang'a tangu saa ya kwanza. Mavyaa alikataa, nikamwambia mtoto huyu nitamtazama mimi, kwa macho yangu, nisimsikilize mtu. Nilimwamsha mtoto yule bure mara nyingi, nikimvua nguo kumtazama mbavu, mpaka mume wangu akaniomba nimpumzishe. Alinenepa. Siku ya arobaini ilipopita nilimtafuta yule msusi wa Kipungani alipoleta mikeka sokoni, nikamwambia nitafuatana naye akirudi. Tukaondoka asubuhi, mizigo juu ya punda wake, mwanangu mgongoni.

Nilimkuta Mkunga nje ya nyumba ya makuti, amesimama. Macho yake yalikuwa yamefanya ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Yana ulikula nini?" akauliza.

"Sikuya kwa hayo, Bi. Nyumba zote ulikwenenda. Kwangu hukuya."

"Sikuya."

"Kwa nini?"

Aliomba kumshika mtoto. Sikumpa. Akafuta mikono kwenye leso yake, akaiacha ining'inie.

"Siku ile nikimwosha mwanao," akasema, "nilimvika ukili wake. Siyui kwa nini, mikono ilikwenenda yenyewe. Ncha zikakutana sawasawa, kama siku ya saba. Na mkono nauona kwa mato yangu, mfupa na ngozi. Hapo ndipo nilipoyua. Mwanao ndiye aliyenifundisha, wengine wote niliwambia la kwake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ilikuwepo. Lakini kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa kingine.

"Mimi pia nina kosa langu," nikasema. "Nilimwona anakonda. Nikanyamaza. Ningekwambia, huenda ungemtazama."

Mkunga alikaa chini. Nilishtuka kwa hilo kabla sijasikia alichosema.

"Hukunyamaa," akasema. "Ulinambia. Mara mbili. Ya kwanda ilikuwa baada ya adhuhuri, una homa, umejifunika shuka la mavyaa wako. Ulisema, 'Bi, mwanangu amekuwa mwepesi.' Nikakwambia mzazi mwenye homa haoni sawasawa. Ya pili huna nguvu ya kunena. Ulinishika mkono ukauweka juu ya mbavu zake. Nikautoa."

Sikukumbuka. Hata leo sikumbuki, homa imelichukua lote. Lakini nilipomsikia mwili wangu ulijua ni kweli.

"Ulijua," nikamwambia. "Miaka mitano wajua, na mimi najihukumu."

"Niliyua. Ukili kukosa, watu hunisamehe. Lakini mama akinena na mkunga asimsikize, ni mlango gani utafunguliwa tena? Nilitaka kuendelea na kazi. Ndiyo maana sikuya kwako." Akapapasa mchanga kutafuta mahali pa kujiinulia. "Hilo niliwaficha wote."

Mwanamke niliyemsifu kwa ukweli kuliko watu wote alikuwa ameacha ukweli mmoja njiani, na ulikuwa wangu. Nilimchukia wakati ule kuliko siku ya mazishi. Na wakati huohuo kifua changu kilifunguka nikavuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta tangu mwanangu afe. Yote mawili kwa pamoja.

"Mavyaa hajui," nikasema.

"Basi nipandishe punda," akasema. "Nyumba moya imesalia."

Tulifika Langoni alasiri. Mavyaa alikuwa dakani na majirani wawili. Mkunga alishuka, akapapasa ukuta mpaka akajua amesimama wapi, akakataa kiti. Akasema yote, kwa sauti ya mtu anayenadi, bila kupunguza: homa, shuka, maneno yangu, mkono wangu juu ya mbavu za mtoto, na mkono wake alivyoutoa. Watu waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza.

Alipomaliza, mavyaa hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mara mbili?" akauliza.

"Mara mbili," akasema Mkunga.

Nami nikakaa chini palepale kwenye vumbi, na binti yangu mapajani, nikalia mchana kweupe mbele ya mtaa mzima.